Mnahakikishaje taarifa za sehemu mtandaoni kabla ya kufunga safari?

mzururaji_wa_jioni: Wakuu habarini. Juzi nimeumbuka. Niliona maporomoko kwenye ramani ya simu, nyota nne na nusu, picha kali, imeandikwa wazi kila siku mpaka saa kumi na moja jioni, nikajaza mafuta nikaondoka, kufika geti limepigwa mnyororo na kufuli lenyewe lishashika kutu. Mlinzi ananiangalia tu, ananiambia hapa pamefungwa tangu mwaka juzi. Sasa nataka kupeleka familia sehemu nyingine na sitaki kurudia huu ujinga, nyie huwa mnafanyaje?

Bi_Ramani: Pole sana mkuu. Nyota achana nazo, soma tarehe. Panga maoni yaanze ya karibuni, kama la mwisho lina miaka mitatu basi shtuka. Mi huanza na ya nyota moja, huko ndo unakuta habari za njia na vyoo. Na picha angalia za wageni, za mwenye sehemu hazizeeki. Mwaka 2017 jamaa mmoja London, Oobah Butler, alisajili TripAdvisor, ule mtandao wa maoni ya wasafiri, mgahawa ambao haupo, ni kibanda cha bustani anapoishi, kwa maoni ya kutunga tu ukapanda mpaka namba 1 jiji zima.

kondakta_mstaafu: Piga simu, ila namba ya kwenye ramani usiiamini hivihivi, mtu yeyote anaweza kupendekeza ibadilishwe. Ilinganishe na ya kwenye tovuti yao. Halafu usiulize "mko wazi?" maana utajibiwa ndiyo na mtu hata hajageuza shingo. Uliza "Jumamosi nikifika saa tisa mchana bado mnaingiza watu?" Saa ya kufunga na saa ya mwisho kuingia ni vitu viwili, wengi tunaliwa hapo.

pini_nyekundu: Na majina yanayofanana jamani!! 2002 kuna vijana wawili wa Uingereza walikuwa wanaenda Sydney ya Australia wakajikuta Sydney ya Kanada, Nova Scotia huko. Fungua picha za setilaiti uone pini imekaa kwenye jengo au katikati ya pori. Kama kuna picha za barabarani, zina mwezi na mwaka zilipopigwa, usije ukasifia lami kumbe picha ina miaka kumi.

mzururaji_wa_jioni: Asanteni wakuu. Nimepanga maoni kwa tarehe kweli, la mwezi uliopita linasema daraja la njia ya chini limekatika, watu wanazungukia juu, na maelezo ya juu hayasemi kitu. Namba nayo nimeipiga kapokea mama mmoja, kabla sijamaliza salamu akaniambia "mwanangu, mimi siuzi tiketi, hii ni namba yangu ya nyumbani, wewe ni wa nne leo" 😂😂 Nikaomba radhi. Nishapendekeza waifute.