Namna ya kumwekea mteja rekodi za DNS bila kumwomba nywila yake

Mjenzi_wa_Mifumo aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Tunaendesha huduma inayomwezesha mteja kufungua tovuti na kutuma barua pepe kwa jina la kikoa chake mwenyewe, tuseme `mteja.example`. Mambo yote huenda vizuri mpaka tufikie ukurasa unaomtaka aende kwenye kampuni inayomtunzia DNS, yaani orodha inayosema kikoa kinaelekea seva zipi, akaongeze rekodi tano: CNAME ya www (inayoelekeza jina kwenye jina jingine), rekodi A ya kikoa chenyewe (inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP ya seva), na TXT tatu (rekodi za maandishi) za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha barua pepe. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na baadhi yao hawarudi tena.

Juzi nilikaa na mteja mmoja kwenye simu kwa dakika 40. Tulikuwa tumempa jina la rekodi `k1._domainkey.mteja.example`, naye akalinakili lote kama lilivyo. Paneli yake ya kusimamia DNS, ambayo huongeza jina la kikoa mwishoni bila kumwambia mtu, ikahifadhi `k1._domainkey.mteja.example.mteja.example`. Thamani yenyewe aliipitisha kwanza kwenye programu ya maandishi, ikageuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda. Kwa macho yake na yangu kila kitu kilionekana sawa.

Mwenzangu anapendekeza tuwaombe wateja nywila au tokeni (funguo za kidijitali zinazoiruhusu programu kuingia) za akaunti zao za DNS ili programu yetu iandike rekodi yenyewe. Mimi moyo unasita. Je, ipo njia ya kuifanya kazi hii ijiendeshe bila sisi kushika funguo za watu?

Fundi_Zoni alijibu:

Una haki ya kusita. Tokeni nyingi za DNS hazifungi mlango mmoja tu; zinafungua zoni nzima, yaani rekodi zote za kikoa, na pengine zoni zote za akaunti hiyo. Siku hifadhidata yenu ikivuja, atakayeipata ataweza kuhamisha barua pepe za wateja wenu wote kwa usiku mmoja. Kumwomba mtu nywila yake ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mnamzoeza kuitoa kwa yeyote anayeiomba.

Tazameni Domain Connect, kiwango huria kilichoanzia kwa GoDaddy ambacho sasa kinatumiwa na kampuni kadhaa za DNS. Wazo lake ni kwamba ninyi hamwandiki chochote katika zoni ya mteja. Mnaandaa mapema kiolezo, yaani faili ya JSON inayotaja rekodi mnazohitaji pamoja na nafasi chache zitakazojazwa kwa kila mteja, kisha kampuni ya DNS inakikagua na kukipokea. Mteja anapotaja kikoa chake, programu yenu inatafuta rekodi ya TXT kwenye jina `_domainconnect` chini ya kikoa hicho, na jibu lake ni anwani ya seva ya kampuni inayokitunza. Mnaiomba seva hiyo `/v2/mteja.example/settings`, nayo inarudisha jina la kampuni, anwani ya kuulizia kama inakijua kiolezo chenu, na anwani ya ukurasa wa kumpeleka mteja. Mnampeleka huko kwa kivinjari chake, anaingia katika akaunti yake mwenyewe, anaonyeshwa kitakachobadilika, anakubali, na kampuni ile ile inaandika rekodi. Nywila haiondoki mahali pake.

Kuna mtindo wa pili unaotumia OAuth (njia ya mteja kuipa programu ruhusa bila kuipa nywila), ambao unawaruhusu kurekebisha rekodi baadaye mteja akiwa hayupo. Ushauri wangu ni kuanza na ule wa kwanza. Ule wa pili unawarudisha kwenye kutunza tokeni, ingawa angalau tokeni hizo haziwezi kufanya lolote nje ya kiolezo.

Jiandaeni pia kwa subira: kila kampuni ya DNS huamua yenyewe kukipokea kiolezo au kutokipokea, na majibu hayaji siku moja.

Mlinzi_wa_Lango alijibu:

Naafiki, ila Fundi amelipita jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Tuseme kiolezo chenu kina nafasi ya kujaza anwani ya IP ya rekodi A, na kiungo cha kumpeleka mteja hakina saini. Tapeli atatengeneza kiungo hicho hicho, ataweka IP yake, na kumtumia mteja wenu kwa barua pepe. Mteja atakapokibofya atafika kwenye ukurasa halali wa kampuni yake halisi ya DNS, atakuta jina lenu ambalo analiamini, na atakubali. Hakuna ukurasa bandia hata mmoja katika wizi huo, na ndiyo maana ni mgumu kuutambua.

Kinga yake imo ndani ya kiwango chenyewe. Mnatia saini vigezo vya kiungo kwa ufunguo wenu wa faragha, mnachapisha ufunguo wa umma katika TXT ya kikoa chenu, na katika kiolezo mnakitaja kikoa hicho kwenye `syncPubKeyDomain`. Kampuni ya DNS itakataa kila kiungo kisicho na saini sahihi. Pamoja na hayo, punguzeni nafasi za kujaza. Kama IP yenu ni moja kwa wateja wote, iandikeni moja kwa moja kwenye kiolezo. Nafasi isiyokuwepo haiwezi kutumiwa vibaya.

Fikirieni na siku ya kuagana. Mteja anafunga akaunti kwenu lakini CNAME yake inabaki ikielekea kwenye seva zenu. Mtu mwingine anafungua akaunti mpya, anadai `www.mteja.example` ni lake, na mfumo wenu unamkubalia kwa sababu DNS inaelekea kwenu. Kila akaunti ipewe alama yake ya kipekee ndani ya TXT, na isipoonekana alama hiyo, jina lisikabidhiwe.

Mpeleka_Barua alijibu:

Mimi nitajikita kwenye barua pepe, kwa kuwa naona rekodi zenu tano zimepangwa vibaya kabla hata ya kuziendesha kwa programu.

SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa, ndiyo yenye mtego. Kwa mujibu wa RFC 7208, waraka wa kiwango chake, kikoa kinapokuwa na rekodi mbili za SPF jibu lake ni kosa la kudumu, na utafutaji wa DNS unaotokana na rekodi hiyo hauruhusiwi kuzidi mara 10. Mteja ambaye tayari ana SPF ya huduma nyingine, mkimwongezea ya kwenu kando, mmeziharibu zote mbili. Domain Connect ina aina ya rekodi iitwayo SPFM inayounganisha masharti yenu na yaliyopo, lakini ni heri msiiguse SPF ya kikoa kikuu kabisa. Anwani ya kurudishia barua iwekeni chini ya kikoa tanzu, kwa mfano `rudi.mteja.example`, kiwe CNAME inayoelekea kwenu. SPF hukaguliwa kwa anwani hiyo ya bahasha, si ile inayoonekana kwa msomaji, na DMARC, inayolinganisha vikoa vya anwani hizo mbili, katika hali yake ya kawaida hukubali kikoa tanzu cha kikoa kilekile.

DKIM, yaani ufunguo wa kukagulia saini ya barua, nayo iwe CNAME. Ufunguo wa RSA wa biti 2048 hauenei katika kipande kimoja cha TXT, ambacho ukomo wake ni baiti 255, na paneli nyingine hushindwa kuugawanya. Ukiwa kwenu, mtaubadilisha wakati wowote bila kumsumbua mteja. DMARC wekeni tu kama hana. Akiwa nayo, iacheni.

Rekodi A haina budi kubaki, kwa kuwa kikoa kikuu kina rekodi za SOA (taarifa za zoni) na NS (majina ya seva za DNS zinazokitunza), na CNAME haikai na rekodi nyingine kwenye jina moja.

Mjenzi_wa_Mifumo alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimewaonyesha wenzangu majibu haya na suala la nywila limefungwa. Yamebaki mawili. Wateja ambao kampuni zao hazina Domain Connect tuwafanyeje? Na kwa nini kitufe chetu cha "Hakiki" wakati mwingine husema rekodi haipo ilhali mteja ameshaiweka na mimi naiona?

Fundi_Zoni alijibu:

Nianze na la pili. Bila shaka mteja alibofya kabla ya kuiweka. Seva mnayoiuliza ilipata jibu kwamba jina halipo, ikalikumbuka jibu hilo. RFC 2308 inairuhusu kufanya hivyo kwa muda unaotokana na SOA ya zoni, ambao mara nyingi ni sekunde 3600. Kila akibofya anasomewa kumbukumbu ile ile. Tafuteni kwanza rekodi za NS za kikoa, kisha ziulizeni seva hizo zenyewe moja kwa moja.

NS hizo hizo ndizo jibu la swali la kwanza. Kwa kuzitazama mtaitambua kampuni, na mtamwonyesha mteja maelekezo ya paneli yake yeye, jina la rekodi likiwa limekatwa au kukamilika kama paneli hiyo inavyotaka, pamoja na kitufe cha kunakili ili asipitie programu ya maandishi. "Imeshindikana" peke yake haimsaidii mtu. Mwonyesheni mlichotarajia na mlichokikuta. Na yule mteja wako wa dakika 40 angesaidiwa kwa swali moja la ziada: jina sahihi lisipopatikana, programu iulize pia jina lenye kikoa kilichojirudia.

Mkitoa vyeti vya TLS (vile vya https), kagueni na CAA, rekodi inayotaja watoaji wa vyeti walioruhusiwa. Mteja akiwa nayo na haitaji mtoaji wenu, cheti hakitatoka hata rekodi nyingine zote zikiwa sahihi.

Mjenzi_wa_Mifumo alijibu:

Hilo la jina lililojirudia nililiandika jana jioni, mistari kumi hivi, na nikalipitisha kwenye orodha ya wateja waliokwama. Watatu wamepatikana, na mmoja wao alikuwa amerudia kikoa mara mbili zaidi.