Tulilipia Makumbusho ya Reli, watoto wetu wakazungushwa madukani: turudishiwe fedha zetu

Assalaam aleikum wanajukwaa, na kwa wengine, hamjambo.

Naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Likizo iliyopita kampuni moja ya kuandaa safari hapa Mombasa, ambayo kwa sasa siitaji jina, ilitutoza wazazi fedha za kuwapeleka watoto wa chekechea na wa gredi ya kwanza kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Tangazo lao lilisema wazi kwamba makumbusho ndiyo shabaha ya safari, kwamba watoto wangepewa asubuhi nzima ya kutazama injini za mvuke na kuingia ndani ya mabehewa, na kwamba angekuwapo mtu wa kuwaeleza kwa lugha wanayoielewa. Nilifuatana nao mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo sisimulii ya kuambiwa.

Nauli kwanza. Kwenye treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu ya nauli ya mtu mzima. Sisi tulitozwa nauli kamili kwa kila mtoto, na tulipokabidhiwa tiketi pale Miritini tayari kwa ukaguzi, tukaona kwamba kiasi kilichochapishwa ni nusu ya kile tulicholipa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kilichobaki ni gharama za uratibu, ilhali gharama hizo zimeandikwa kwenye risiti katika mstari wake peke yake.

Tuliposhuka Syokimau, tulitarajia kupanda treni ya abiria inayounganisha kituo hicho na stesheni ya zamani ya Nairobi, kama tangazo lilivyoahidi. Hilo halikuwa jambo dogo kwa watoto, kwa sababu wangetoka kwenye reli mpya yenye upana wa milimita 1,435 na kuingia kwenye ile ya zamani ya milimita 1,000, wakaona kwa macho yao tofauti ambayo mwalimu huieleza kwa rula ubaoni. Badala yake tuliingizwa kwenye basi, tukakwama katika msongamano wa Mombasa Road hadi watoto wawili wakatapika.

Kesho yake asubuhi, ile tuliyoahidiwa kwa ajili ya makumbusho, tulipelekwa kwenye jumba kubwa la maduka, na tukakaa humo mpaka baada ya chakula cha mchana. Mwelekezi wa kampuni alikuwa akisalimiana na wenye maduka kama jamaa zake. Mwenye akili na ajaze mwenyewe. Tulipofika makumbusho, hatukupewa hata saa moja, na mwelekezi huyo alikataa kumlipa mtu wa kutueleza, akasema kazi hiyo angeifanya yeye.

Na aliifanya vipi? Uani zimesimama injini za Garratt za aina ya 59, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer, Peacock, ambazo kuanzia mwaka 1955 zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila moja ina uzito wa tani 250 hivi, na hapajapata kutokea injini za mvuke kubwa kuliko hizo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo ya zilizohifadhiwa hapo ni Mount Gelai. Mtoto mmoja wa miaka sita aliitazama akauliza mbona ina magurudumu ya mbele na ya nyuma, halafu tumbo limening'inia katikati. Ni swali zuri kabisa! Injini ndefu namna hiyo isingeweza kupinda kwenye kona, kwa hivyo tangi la kuchemshia maji liliwekwa kati ya vigari viwili vinavyogeuka kila kimoja kwa upande wake, na uzito ukatawanyika juu ya reli. Mtu angeweza kumwonyesha kwa viganja viwili tu. Mwelekezi alijibu, "Ni muundo tu, panga mstari tupige picha."

Kilichonichoma zaidi ni behewa la Ryall. Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba ndani ya behewa hilo usiku wa Juni 1900 akiwa katika kituo cha Kima. Mwelekezi aliwaambia watoto kwamba hao ndio simba wa Tsavo, ilhali simba wale wawili waliwashambulia wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka 1898, wakapigwa risasi na Patterson, mhandisi wa daraja hilo, mwishoni mwa mwaka huohuo, na leo wamo katika jumba la makumbusho la Chicago. Kisha akaongeza kwamba simba huyo bado huwajia usiku watoto watundu. Watoto waliangua kilio, hakuna aliyekubali kukanyaga ngazi ya behewa lolote, na muda wetu ukaishia hapo. Nilipomkabili, alinijibu kwa upole wa kuudhi: "Mamangu, hawa wadogo watajua nini kuhusu vyuma vikuukuu?"

Hawa ni watoto wa mji ambako ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1896. Kuwasafirisha mpaka Nairobi wakaone viatu na simu dirishani ni dharau, na kuwatoza wazazi wao kwa dharau hiyo ni wizi.

Ofisi ya kampuni imenijibu kwamba "watoto walifurahi" na kwamba malipo hayarudishwi. Ninadai nusu ya nauli waliyotuzidishia, pamoja na fedha za mwelekezi wa makumbusho ambaye hakuwahi kulipwa. Wazazi tuliosafiri pamoja, tafadhali pigeni picha risiti na tiketi zenu, mfute majina ya watoto, mziweke hapa chini kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu tangazo la safari yao ijayo limeshabandikwa na bei ni ileile.