Samaki wanahema juu alfajiri, nimebadili maji yote ndo wamekufa zaidi, naombeni msaada

bwawa_la_uani: Wakuu habari zenu. Nina bwawa la zege nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 2, kina kama mita moja, ndani perege 60 saizi ya kiganja na kambare wawili. Wiki mbili hizi kila alfajiri nakuta perege wamejaa juu midomo nje wanahema, ikifika saa nne wako poa wanaogelea zao. Maji yalikuwa kijani sana nikajua ni uchafu, jumamosi nikamwaga yote nikasugua kuta mpaka zikang'aa, sponji ya chujio nikaiosha kwa sabuni, jioni nikajaza maji ya bomba nikawarudisha. Kulipokucha 14 wameelea, leo tena 3. Nimemfunua mmoja, matamvua yamepauka yana ute mwingi. Inaniuma sana jamani, hawa nimewalea tangu vifaranga. Ni ugonjwa gani huu?

Baba Perege: Pole sana ndugu yangu. Maji ya bomba uliyaacha yakae kwanza au yaliingia moja kwa moja?

bwawa_la_uani: Moja kwa moja mkuu.

Baba Perege: Basi sidhani kama ni ugonjwa. Una matatizo mawili hapo. Kuhema alfajiri halafu saa nne wako poa hiyo ni oksijeni, ule ukijani ni mwani, mchana jua likiwaka unatoa oksijeni ila usiku nao unaivuta pamoja na samaki, kwa hiyo kabla jua halijatoka ndo iko chini kabisa. Hawa waliokufa usiku uleule wa kujaza ni klorini ya bomba, inaunguza matamvua, samaki anakosa pumzi hata kama hewa ipo majini. Ungetoa robo tu ya maji na kuwasha pampu ya hewa usiku, nadhani ungekuwa nao wote. Sikulaumu, mimi nilishapoteza bwawa zima kwa kosa hilohilo.

mama_samaki: Na kama kambare hawahemi usijipe moyo, kambare anapanda juu anavuta hewa yetu hii hii anashuka, oksijeni ikipungua majini yeye anavumilia. Angalia perege.

kijana_wa_ziwa: Weka chumvi na samadi kidogo maji yarudi rangi, watatulia

Baba Perege: Hapana kaka, samadi sasa hivi itawamaliza. Ikianza kuoza inakula oksijeni na kuongeza amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na vitu vinavyooza. Chumvi nayo haiondoi klorini.

fundi_chujio: Mimi kinachonitisha ni ile sabuni. Kwenye sponji na kwenye ule utelezi wa kuta ndo wanakoishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti halafu nitrati, sasa umewafuta wote na kurudi wanaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6. Hao 3 wa leo nahisi ni amonia. Usilishe siku mbili, ukianza tena toa kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 5. Nunua kipimo cha amonia na pH (ukali wa maji, yaani yana asidi au alkali kiasi gani), maana pH ikiwa juu na maji yakiwa ya moto amonia ileile inakuwa sumu kali zaidi, na zege linapandisha pH hasa likiwa jipya. Sponji siku nyingine ikamue kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe. Maji ya bomba yaache kwenye mapipa wazi siku mbili, ila kama wanatibu kwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki kwa kukaa tu, hapo lazima dawa ya kuondoa klorini.

bwawa_la_uani: Wakuu nimerudi. Kipimo kilisoma amonia 1 mg/l. Nimebadili robo ya maji kutoka kwenye mapipa, nikaweka na dawa, chakula nimesimamisha, pampu inamwaga maji kutoka juu usiku kucha. Leo saa kumi na moja alfajiri nimemulika tochi, wote 43 wako chini! Sasa mwani ukirudi nifanyeje?

mama_samaki: Alhamdulillah. Acha urudi kidogo, sio adui. Zamisha mkono taratibu, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko umezidi, punguza chakula, weka kivuli upande mmoja na ubadili robo. Pampu usizime usiku.