Kiwanda cha chokaa kimefungwa, tunataka watalii. Tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Mpiga_Baruti

Wakuu, salaam. Nipo kwenye kamati ya watu saba tuliokabidhiwa eneo la kiwanda cha chokaa kilichofungwa. Kilichobaki ni matanuru mawili ya matofali, dohani moja ndefu, reli nyembamba ya vitoroli, na shimo la machimbo lililojaa maji. Maji yenyewe ni ya buluu mpaka ukirusha picha watu wanakuuliza umekwenda ufukwe gani. Handaki limejaa popo, na juu ya dohani kuna kipanga ametaga.

Kamati imepasuka. Watatu wanataka reli na mitambo viuzwe kama chuma chakavu tupate mtaji. Wawili wanamsikiliza mwekezaji anayetaka kufukia nusu ya shimo, apande ukoka, aweke mabembea na mashua. Mimi na mama mmoja aliyekuwa karani wa mishahara hapo tunasema pabaki palivyo. Ila tukiulizwa "palivyo pataleta hela kwa njia gani?" tunabaki kutazamana. Baba yangu alikuwa mpiga baruti hapo, kwa hiyo najua siamui kwa akili peke yake. Aliyewahi kupitia jambo hili anisaidie: kipi kitangulie?

Bwana_Hesabu

Uza chuma, jenga choo, weka geti. Mtalii hasafiri kuja kuangalia kutu, mkuu.

Grisi_Mkononi

Bwana Hesabu, choo nakubaliana nawe. Kwenye kutu tutagombana, maana ndiyo inayonilisha.

Mleta mada, mimi nilipaka grisi mikanda ya kubebea mawe kwa miaka 19. Kiwanda kikafungwa, nikakaa kijiweni muda, sasa naongoza wageni palepale. Sisi tuliuza. Vitoroli vyote na winchi ya kuvutia mizigo vikaenda na malori mawili, na hela ikaishia kwenye uzio ambao mpaka leo haujazunguka. Nikifika na wageni kwenye mteremko nasema "hapa palikuwa na reli," nao wanatikisa vichwa kwa adabu tu. Lakini tukifika kwenye kengele ya zamu, ambayo mwenzetu mmoja aliificha uvunguni kwake isiuzwe, kila mtu anataka kuigonga. Hata watu wazima wenye suti. Kengele moja! Fikiria tungekuwa na winchi.

Duisburg kule Ujerumani walikuwa na kiwanda cha kuyeyushia chuma, kikazimwa 1985. Kilikuwa kibomolewe, wakazi wakakataa. Mwaka 1994 kikafunguliwa kama bustani ya umma, na mbunifu wake, Peter Latz, hakuifunika kutu. Tangi la gesi likajazwa maji, watu wanajifunzia kuzamia humo. Kuta nene za maghala ya madini, watu wanazikwea kwa kamba. Mabamba 49 ya chuma yaliyotumika kwenye kusubu yakatandikwa chini yakawa uwanja. Kuingia ni bure. Wanaotoa hela ni wazamiaji, wanaotembezwa na wanaokodi kumbi. Kwa hiyo swali la "pataleta hela kwa njia gani" lina jibu, ila si la geti.

Kingine: waandikeni kazi wazee waliofanya kazi hapo kabla hawajatutoka. Big Pit, mgodi wa makaa wa Blaenavon kule Wales, ulifungwa 1980, na 1983 ukafunguliwa tena kwa wageni. Unavalishwa helmeti na taa, unanyang'anywa kiberiti na saa ya betri kama mchimbaji halisi, kisha unateremshwa mita 90. Anayekuongoza amewahi kufanya kazi mgodini. Kijana aliyekariri karatasi hawezi kukwambia harufu ya baruti ikoje asubuhi. Wewe baba yako angeweza.

Sasa hayo maji. Yamepimwa?

Mtoto_wa_Mpiga_Baruti

Bado, mkuu. Watoto wanaogelea siku zote, hakuna aliyewahi kuzama.

Grisi_Mkononi

Kuzama siko ninakokuuliza. Buxton, Uingereza, kuna shimo kama lenu, la chokaa vilevile, buluu ya kuvutia. Maji yake yalikuwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi; maji safi ni 7) ya 11.3, ambayo inakaribia ile ya dawa ya kuondolea madoa nguoni. Waliweka mabango, watu wakaogelea. Mwaka 2013 halmashauri ikaamua kuyatia rangi nyeusi ili yasitamanike. Mabaki ya chokaa iliyochomwa ndiyo yanayofanya hivyo, na nyinyi mna matanuru mawili hapo pembeni. Watoeni watoto leo. Mashua za mwekezaji zitajadiliwa baada ya vipimo. Na paa kama ni la asbesto, mtu asipande kulisafisha, ita wenye utaalamu.

Jongoo_Mwendapole

Nimechelewa, lakini jina langu linaniruhusu.

Grisi kasema ya vyuma, mimi nina neno juu ya ukoka. Machimbo ya saruji ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, yalianza kuchimbwa miaka ya 1950 yakaacha jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 René Haller akapewa kazi ya kulirudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, na iliyobeba kazi ikawa mvinje, kwa sababu mizizi yake inajipatia nitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani kwa msaada wa bakteria. Halafu akakwama. Majani ya mvinje yakaanguka na kurundikana, hayaozi, yana tanini nyingi, ile kemikali ya ukakasi kama ya chai kali. Kilichomkwamua ni jongoo! Waliletwa, wakala majani, kinyesi chao kikawa udongo. Wageni walianza kuingia 1984. Hesabu hiyo miaka, kisha mwulize mwekezaji wako ukoka wake utaota juu ya nini, na utanyweshwa maji gani.

Tena msifikiri hapo hapana kitu sasa hivi. Machimbo ya chokaa ya zamani kule Ulaya yana okidi zinazoishi hapo kwa sababu udongo ni mkonde, ukimwaga mbolea nyasi zinazimeza. Zungukeni na mtu wa mimea kabla ya tingatinga.

Popo: msizibe handaki kwa mlango. Wekeni geti la vyuma vya mlalo wapite wao, binadamu asipite. Wageni wakae nje jioni wawaone wakitoka. Hiyo peke yake ni tiketi, na haiharibu kitu. Kipanga akiwa na makinda, njia ya chini ya dohani ifungwe, hata kama ni msimu wa wageni wengi.

Bwana_Hesabu

Sawa, nimeelewa ya vyuma. Ila andikeni kabla ya yote nani anashika hela. Nimeona kamati zikivunjika kwa mapato ya maegesho tu.

Mtoto_wa_Mpiga_Baruti

Wakuu, nimerudi. Tulichovya karatasi ya kupimia pH, ikageuka zambarau iliyokolea, yaani maji ni makali kama ya Buxton au karibu yake. Sampuli imepelekwa maabara, na mlinzi amekaa kwenye njia ya kushukia. Watoto wamenuna.

Kwenye kikao, mama karani alileta daftari la mishahara alilokuwa ametunza nyumbani, akalifungua mbele ya wale watatu wa chuma chakavu. Mmoja wao akakuta jina la babu yake na alama ya dole gumba. Hatukupiga kura siku hiyo. Reli ipo bado, na Jumamosi tunaanza kuwarekodi wazee. Wa kwanza ni mzee aliyekuwa akichochea tanuru la pili. Ameuliza kama aje na koleo lake.

Grisi_Mkononi

Mwambie aje nalo. Na asilioshe.