Amitriptilini kupita kiasi: kwa nini baikaboneti kabla ya majibu ya maabara?

Muuliza: Wakuu, niko zamu ya dharura. Kaletwa kijana kanywa amitriptilini (dawa ya sonona) nyingi, hazinduki vizuri, mapigo 130. Daktari katazama ECG (kipimo cha umeme wa moyo) tu, kaagiza sodiamu baikaboneti. Mbona haraka hivyo?

Jibu 1: Majibu ya damu ya nini, ndugu? ECG imeshasema. Dawa hizo huziba milango ya sodiamu kwenye misuli ya moyo, QRS (wimbi la ECG la vyumba vya chini vya moyo) inatanuka. Ikizidi milisekunde 100, degedege liko jirani. Ikizidi 160, mdundo unaweza kuvurugika muda wowote. Angalia na aVR (mstari mmojawapo wa ECG), wimbi la R mwishoni mwa QRS linachomoza. Baikaboneti huongeza sodiamu na kupandisha pH ya damu (asidi inapungua), dawa inaachia moyo. Isukume mshipani huku unatazama monita: QRS inasinyaa unaiona. Mimi hapo huwa sibanduki.

Muuliza: Akipata degedege je?

Jibu 2: Diazepamu. Fenitoini (dawa nyingine ya degedege) usiguse, na mdundo ukivurugika usikimbilie amiodaroni (dawa ya kurekebisha mdundo). pH iwe 7.45 hadi 7.55, potasiamu pima mara kwa mara maana inashuka.

Jibu 3: Akizinduka asiachwe peke yake. Waite watu wa afya ya akili kabla hajaruhusiwa.