Nyimbo za marehemu mjomba: nizihamishie mtandaoni au zibaki kwenye memori kadi?

Mpwa wa Makorora:
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, ameacha kaseti mia na ushee na memori kadi mbili zilizojaa. Humo mna taarabu ya Tanga, bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kasida za harusini. Nimeanza kuzitoa kwenye kaseti kuziingiza kwenye simu, moja moja. Binamu yangu ananicheka, anasema nilipie huduma ya kusikiliza mtandaoni kwa mwezi, kila kitu kimo, kaseti nikatupe. Mama hataki hata kulisikia hilo. Nyie mnaonaje, tuhame au tubaki? Na je, inawezekana kusikiliza kwa kivinjari cha simu bila kupakia programu? Nafasi kwenye simu imebaki ya kubahatisha. Natumia Opera Mini.

Dar Kitambo:
Hama, unangoja nini? Spotify waliingia Tanzania 2021. Boomplay ndiyo usiseme, watu wananunua Tecno wanaikuta imo ndani tayari. Kaseti karne hii? Lakini ndiyo Tanga hiyo, mtashtuka wenzenu tumeshahama tena. Mji umelala tangu mkonge ulale. Opera Mini, jamani!

Bint Chumbageni:
Umelala mji au umelala wewe kwenye foleni ya Mbagala? Sisi saa kumi na moja tumeshafika nyumbani, tumekoga, tuna kahawa barazani.

Kocha Mstaafu:
Huyo mjibuni taratibu, watu wa Dar wakija Tanga hawataki kurudi. Waja leo waondoka leo, yeye akija atatafuta chumba cha kupanga.

Fundi wa Barabara ya 12:
Nijibu la kijana, maana mmemwacha njiani. Opera Mini inapitisha kurasa kwenye seva zao, inazikamua, ndipo zinakufikia nyepesi. Ndiyo maana bando linadumu. Lakini ukibana ile hali ya kuokoa data kabisa, vichezeo vya muziki vingi havifanyi kazi humo. Tumia Chrome au Firefox. Spotify inafunguka kwenye kivinjari, ila kwa njia hiyo huwezi kuhifadhi nyimbo usikilize bila mtandao. Hilo ni la programu yenyewe, tena kwa anayelipia. Ushauri wangu: baki na memori kadi. Njoo dukani nikupangie vizuri.

Dar Kitambo:
Aha! Kumbe mshauri ni muuza nyimbo. Memori kadi kujaza shilingi ngapi kwako, fundi? Msanii anapata ngapi?

Fundi wa Barabara ya 12:
Nauza kazi yangu ya kuhamisha, siuzi nyimbo. Usinivunjie heshima.

Dar Kitambo:
Nyimbo umezitoa wapi? COSOTA, wale wa hakimiliki, wakipita mtaani kwako unafunga duka, sema uongo.

Mama Pweza wa Deep Sea:
Nyie wawili mkapigane nje. Mimi nina swali la pesa: mtoto wangu ananiambia saa moja ya muziki mtandaoni inakula GB nzima. Hapo si bora ninunue samaki?

Fundi wa Barabara ya 12:
Mama, amekudanganya, au anaangalia video akakuambia ni muziki. Sauti tupu ya ubora wa kati, kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 72. GB moja inakupa saa 13 na zaidi. Ukishusha ubora hadi 96, ni MB 43 tu kwa saa. Video ndiyo mlaji.

Mama Pweza wa Deep Sea:
Kumbe! Leo atanieleza.

Mtoto wa Malindi, Unguja:
Nimepita tu. Kijana anasema "taarabu ya Tanga". Taarabu ni yetu, nyie mmeazima. Mwimbaji wetu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Wakati huo Tanga mlikuwa mnakata mkonge.

Kocha Mstaafu:
Basi, sasa umegusa.

Bint Chumbageni:
Siti tunamheshimu, Mungu amrehemu. Lakini gitaa la umeme na mdundo wa kuchezeka taarabu iliupata wapi? Kwa kundi la Black Star la hapa Tanga, miaka ya sitini. Kisha Lucky Star. Na mwimbaji Shakila alizaliwa Pangani, si Malindi! Kilichoazimwa kimerudi na faida.

Mtoto wa Malindi, Unguja:
Mdundo wa kuchezeka ndio ulioiharibu. Taarabu ya kweli unakaa, unasikiliza, unakwenda kutunza kwa adabu.

Kocha Mstaafu:
Na mkonge usiutukane. Mkonge ndio ulioleta watu kutoka bara, na watu wakaja na ngoma zao. Jamhuri Jazz mnayoisikia ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Wanyamwezi walifuata nini Tanga, madafu?

Dar Kitambo:
Hahaha, hiyo ya madafu nimeikubali.

Shemeji wa Ughaibuni:
Nawasoma kutoka Uingereza, mimi mtoto wa Raskazone. Kijana, usitupe kitu. Nilikuwa na maktaba yangu nzima Google Play Music, nimeipakia nyimbo kwa nyimbo. 2018 wakafunga, tukaambiwa tuhamie YouTube Music.

Fundi wa Barabara ya 12:
2020, shemeji. Na Februari 2021 wakafuta yaliyobaki.

Shemeji wa Ughaibuni:
Sawa, 2020, corona ilinichanganya miaka. Jambo ni lilelile. Na jingine: hizo Black Star unazodhani ni zetu, santuri zilitolewa Mombasa na kina Assanand, halafu 1989 lebo ya GlobeStyle ya London wakatoa mkusanyiko. Kwenye mtandao unazipata zile alizochagua mwenye lebo. Zile mjomba wako alizorekodi ukumbini hazimo, na hazitakuwamo.

Mpwa wa Makorora:
Shukrani, shemeji. Hilo sikulifikiria. Kuna kaseti mjomba ameandika kwa kalamu "harusi ya dada, upande B usifute". Simu nayo inaniandikia "msanii asiyejulikana".

Bint Chumbageni:
Harusi ya dada yake ndiyo harusi ya mama yako, kama hana dada mwingine.

Dar Kitambo:
Duh.

Mtoto wa Malindi, Unguja:
Hapo nimenyamaza. Lakini kundi lililopiga harusi hiyo ni la wapi?

Kocha Mstaafu:
Wewe bado unatafuta ushindi! Mpwa, hizo kaseti ni mirathi, zina warithi. Muulize kwanza mama, kabla ya binamu na kabla ya fundi.

Fundi wa Barabara ya 12:
Sasa mimi nimekosa nini? Deki ya kaseti ninayo, nzima, na mkanda ukikatika naunga. Ya harusi sitochukua hela.

Mama Pweza wa Deep Sea:
Fundi, na mimi nina kaseti moja ya zamani, imeliwa na mende ganda tu. Mkanda mzima. Kesho upo?

Fundi wa Barabara ya 12:
Nipo baada ya Adhuhuri. Njoo nayo kwenye mfuko mkavu, usiizungushe kwa kalamu njiani.