Mama ana kisukari na protini kwenye mkojo: je, vidonge vya vitamini D vitalinda figo zake?

Mwanambeya: Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa 12 akiwa na kisukari aina ya 2. Mwezi uliopita alikutwa na protini kwenye mkojo, ingawa kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kama figo zinachuja vizuri) bado iko sawa. Shangazi amemletea kopo la vitamini D la uniti 5,000, ameze kidonge kimoja kila siku, akimwambia kwamba husafisha figo. Kiwango chake cha vitamini D hakijawahi kupimwa. Naomba ushauri.

Babu Kijiwe: Mwanangu, vitamini D ndiyo hiyo ya jua. Mimi nameza na sijaona madhara. Mwache mama ameze.

Muuguzi wa Zamu: Shikamoo, Babu. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Figo ndizo zinazoigeuza vitamini D kuwa homoni inayofanya kazi, hivyo zikidhoofika homoni hiyo hupungua, na hapo ndipo lilipozaliwa tumaini kwamba kuiongeza kutaziokoa. Tumaini hilo lilijaribiwa Marekani kwa watu 1,312 wenye kisukari aina ya 2, ambao kwa miaka 5 baadhi yao walimeza uniti 2,000 kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2019: uwezo wa figo kuchuja ulishuka kwa wastani wa mililita 12.3 kwa dakika kwa waliomeza vitamini na 13.1 kwa wenzao, tofauti isiyotosha kuthibitisha faida yoyote. Aliyepimwa akakutwa na upungufu hutibiwa, lakini zaidi kwa ajili ya mifupa. Tena ngozi hujizuia yenyewe juani, kidonge hakijizuii. Kikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu na kuziumiza figo zilezile.

Mwanambeya: Asante sana. Nimempigia mama simu, naye amekiri kwamba losartani, dawa yake ya presha, anaimeza siku moja na kuiruka siku inayofuata, kwa sababu fedha ya kununulia kopo la pili la vitamini imetoka kwenye fedha ya dawa hiyo.

Muuguzi wa Zamu: Basi tatizo ni hilo, kuliko hata kopo lenyewe. Losartani si ya presha tu. Hupunguza protini inayovuja na kuchelewesha figo kuharibika. Arudi kliniki wiki hii, apimwe presha, kreatinini na potasiamu, na aulize kama dapagliflozini, dawa ya kisukari inayolinda pia figo, inamfaa. Kopo aende nalo, daktari alione.

Babu Kijiwe: Marahaba, binti yangu, nimekuelewa. Nami nina kisukari, ila mkojo sijawahi kupima. Niombe kipimo gani?

Muuguzi wa Zamu: Omba kipimo cha uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini kwenye mkojo, Babu. Ukikuta miligramu 30 kwa gramu au zaidi, usishtuke, kwa kuwa homa au mazoezi mazito huweza kukipandisha kwa muda; hurudiwa ndani ya miezi michache kabla ya kuthibitisha. Nawe pia nenda na kopo lako.